Asiyeonekana vitani: amejificha tayari, au alipie kitendo kingine?

Dadu20: Wakuu, salaam. Hoja yangu inahusu mchezo wa mezani wa kuigiza, Dungeons & Dragons. Mchawi amejitia uchawi wa Kutoonekana katikati ya pigano, kisha akasogea futi 30. Zamu ya adui mwenye upinde imefika. Je, anajua mchawi yuko mraba gani wa ramani? Mimi nasema hajui. Jicho halifanyi kazi, basi mahali hapajulikani. Kumdai mchawi atumie na kitendo cha Kujificha ni kumtoza mara mbili, wakati ameshachoma nafasi moja ya uchawi ya ngazi ya 2, katika chache alizonazo.

Kivuli: Mkuu, hapo umeunganisha vitu viwili ambavyo kanuni za toleo la 2014 zimevitenga. Kutoonekana kunahusu macho tu. Kujificha ni kutoonekana pamoja na kutosikika. Maelezo ya hali yenyewe yanasema wazi kwamba kiumbe asiyeonekana anaweza kugunduliwa mahali alipo kwa kelele anazotoa au nyayo anazoacha. Kwa hiyo mwenye upinde anaulenga mraba ule ule, ila kwa hasara: anarusha dadu mbili za pande 20 na kuhesabu ndogo. Mchawi akitaka mahali pake papotee, atumie kitendo na kurusha dadu ya Unyemeleaji ishindane na Utambuzi wa adui. Alichonunua kwa uchawi ni haki ya kujificha hata uwanjani pakavu, pasipo nguzo wala kichaka.

Na hajapunjwa. Adui aliyehitaji 11 ili ampate alikuwa na nafasi ya asilimia 50. Kwa hasara inabaki 25. Anapomkimbia mtu aliye karibu hapigwi pigo la nyongeza, maana pigo hilo linadai umwone anayeondoka. Uchawi wa kuzima uchawi wa mwenzako nao unadai umwone anayeutoa. Yote hayo ameyapata kabla hajajificha hata kidogo.

BintiRamani: Kivuli yuko sahihi kuhusu kitendo, lakini "anajua mraba" siku zote si kanuni. Andiko linasema mahali *panaweza* kugunduliwa. Ubao wa mwendeshaji (anayeongoza mchezo) wa toleo hilo una kipimo ambacho watu wanakipita tu: anayejitahidi kunyamaza anasikika hadi futi 2d6 (jumla ya dadu mbili za pande sita) mara 5, kelele ya kawaida ni 2d6 mara 10, kelele kubwa ni 2d6 mara 50. Kwa wastani ni futi 35, 70 na 350. Mchawi aliye futi 30 akitembea kawaida, kwa kawaida atasikika. Akiwa futi 150 amepita hata kiwango cha juu cha kelele ya kawaida, ambacho ni 120, kwa hiyo hapo msimpigishe dadu ya Kujificha bure.

Mezani fanyeni hivi. Mtu anapotoweka, toa kinyago chake kwenye ramani na uache sarafu kwenye mraba wa mwisho aliojulikana. Akisikika, sogeza sarafu. Akifaulu kujificha, sarafu inabaki pale pale na mchezaji anamwandikia mwendeshaji mraba wa kweli kwenye karatasi. Anayeshambulia anataja mraba, anarusha kwa hasara, na akikosa mwendeshaji anasema "umekosa" basi. Asiseme kama mraba ulikuwa mtupu. Meza nyingi zinaharibu hapo hapo: neno moja la ziada na mchezaji anayefuata anajua pa kupiga.

Dadu20: Sarafu naikubali, dada. Lakini angalieni bei kwa kanuni za 2024. Kujificha sasa kunadai ufikishe 15 kwa dadu ya pande 20 pamoja na nyongeza yako. Mnyemeleaji mwenye +7 anafaulu kwa asilimia 65, tena kuanzia ngazi ya 2 anatumia kitendo chake kidogo. Mchawi mwenye +1 anafaulu kwa 35, na amepoteza kitendo kizima. Askari mwenye +0 ndani ya deraya nzito anarusha kwa hasara: asilimia 9.

Mzee wa Kete: Hiyo 2024 ndiyo imetuvuruga zaidi. Ukifaulu kujificha unapewa hali ile ile ya Kutoonekana, jina moja kwa mambo mawili. Inakwisha ukitoa sauti kupita mnong'ono, ukishambulia, ukitamka uchawi, au adui akikupata. Sasa mnyemeleaji kajificha nyuma ya nguzo, katoka, anapita mbele ya mlinzi kwenye ukumbi wenye mwanga. Wako wanaosema bado haonekani mpaka mlinzi arushe Utambuzi na kufikia hesabu aliyorusha mnyemeleaji. Nalikataa hilo kabisa. Hali yenyewe inasema kiumbe anayeweza kukuona kwa namna yoyote, faida zake hazikusaidii dhidi yake. Mlinzi ana macho na hakuna kilichomziba. Aliyetiwa uchawi anapita; aliyejificha kwa nguzo tu, nguzo ikiisha na maficho yameisha.

Kivuli: Naunga mkono. Na anayetaka andiko lisilo na utata asome Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, toleo la pili. Ukitoweka huku unatazamwa, unakuwa "umefichika": wote wanajua mraba wako, lakini anayekulenga lazima kwanza afikishe 11 kwa dadu isiyo na nyongeza. Ukitaka wasijue mraba, unanyemelea kwa nusu ya mwendo. Ni hatua mbili, kila moja na bei yake.

BintiRamani: Bado kuna swali la unga, maana kila mwenye mfuko wa unga huurusha akidhani kamaliza kazi. Kanuni za 2014 na 2024 hazina sentensi juu ya unga, kwa hiyo ni uamuzi wa meza. Mimi naamua hivi: unga uliomwagika sakafuni unaonyesha nyayo, basi sarafu inasogezwa, lakini hasara ya kushambulia inabaki. Anayetaka kuiondoa hasara yenyewe atumie Faerie Fire, uchawi wa ngazi ya 1. Unashika mchemraba wa futi 20, na aliyeshindwa kujiokoa kwa Wepesi hafaidiki tena na kutoonekana. Hapo hakuna haja ya kumwona kwanza. Unahitaji tu kukisia asiyeonekana yuko karibu na wapi.