Mafunzo ya piano likizo ya Agosti, Malindi

Mama wa Malindi: Assalaam aleikum. Binti yangu wa miaka 9 amejifunza kwa kinanda kidogo cha vibonye 61, na likizo ya Agosti ningependa ahudhurie mafunzo ya piano. Je, kinanda hicho kitamfaa kwa mazoezi ya nyumbani?

Mwalimu wa muziki: Waaleikum salaam, mama. Kwa kuanzia kinafaa, lakini piano ina vibonye 88, navyo ni vizito, hivyo mtoto aliyezoea vyepesi huchoka vidole mapema. Ukijaliwa, mnunulie piano ya umeme yenye vibonye vizito, kwani nyuzi za piano ya kawaida hushika kutu kwa hewa yetu ya chumvi.

Mzazi mwenzako: Uliza pia kama kila mtoto atapata piano yake darasani, anayengoja zamu hujifunza machache.