Tai inaishia juu ya mkanda na harusi ni Jumamosi, naombeni msaada

Kijana wa Igoma
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi hii mdogo wangu wa kike anafunga ndoa Kisesa, na mimi ndiye nitakayemwingiza kanisani maana mzee wetu alishatangulia. Suti ninayo, viatu ninavyo. Shida ni tai. Ncha yake inaishia vidole vinne juu ya mkanda. Mimi ni mrefu, futi sita na ushee. Kuna namna ya kuishusha bila kufungua fundo? Leo usiku wa pili silali vizuri.

Sangara Mkavu
Mkuu, fungua uanze upya. Upande mpana uning'inie kulia kwako, ushuke sana, mwembamba uwe mfupi. Mpana upite juu ya mwembamba, uzunguke nyuma, urudi mbele, upandishwe kwa ndani chini ya kidevu, kisha uingie kwenye kitanzi cha mbele. Vuta taratibu. Ncha ikigusa mkanda, umemaliza. Nimewafundisha vijana wa kwaya zaidi ya ishirini.

Kijana wa Igoma
Asante mkuu, ila nimesema bila kufungua.

Mzee wa Mwaloni
Mimi nauliza, tai ya nini? Angalia picha za Mwalimu Nyerere, nyingi utamkuta hana tai na heshima yake iko palepale. Kitambaa chenyewe kilianza na askari wa Kroatia waliokwenda kupigana upande wa Ufaransa karne ya 17, Wafaransa wakaiga, Waingereza wakafuata, leo kijana wa Igoma anakosa usingizi. Shona Kaunda suti, mwanangu.

Mama Kulwa
Hongera kwa kusimama na mdogo wako, baba. Siku ya harusi yangu mjomba alitoka Ukerewe na meli ya usiku, mvua ikamnyeshea pale bandarini, tai ya kuazima ikamchuja rangi shati zima. Alinishika mkono hivyohivyo mpaka madhabahuni. Picha iko sebuleni na sijawahi kutamani ingekuwa tofauti.

Hesabu za Nyakato
Fundo la kufunga halikosekani. Mwaka 1999 wanafizikia wawili wa Cambridge, Thomas Fink na Yong Mao, walipiga hesabu wakapata njia 85 za kufunga tai ya kawaida. Chagua lenye mizunguko michache, halili kitambaa.

Sangara Mkavu
Hesabu, hatujafika huko. Kijana, fundo kulifungua ni sekunde tano. Kuna kitu hutuambii.

Kijana wa Igoma
Sawa. Tai ni ya marehemu baba. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alifariki 2009. Hakuwa anaifungua. Akirudi kanisani anailegeza, anaivulia kichwani, anaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Alivyofariki, mama aliiweka sandukuni ikiwa na fundo lake. Fundo lile ni mikono ya baba. Nikilifungua limekwisha, hata nikifunga jingine litakuwa langu. Ndiyo maana nimeomba njia nyingine.

Mama Kulwa
Ooh, mwanangu. Pole sana.

Cherehani ya Buzuruga
Pole kaka. Na wewe umepanga kufanya nini mpaka sasa? Maana naona kama kuna jambo umeshaanza.

Kijana wa Igoma
Nimempa fundi mmoja hapa mjini elfu tano ya kuanzia. Ataikata nyuma ya shingo, pale kola inapofunika, aunganishe kipande cha inchi nne. Hakuna atakayeona. Kesho asubuhi nampelekea.

Cherehani ya Buzuruga
USIMPELEKEE. Mimi nashona, nisikilize. Fundo lako la mbele limeshika upande mpana, hauendi popote. Kinachoteleza ni ule mwembamba. Ukiongeza inchi nne shingoni, kitanzi kitapanuka. Ukikikaza, inchi nne zote zitatokea kwenye mkia wa nyuma. Mbele utabaki vidole vinne juu ya mkanda kama ulivyo. Jaribu sasa hivi: vuta mkia, tazama ncha ya mbele kama inasogea hata kidogo.

Halafu tai hukatwa mshazari ili ivutike na kurudi. Kipande kikiwekwa na nyuzi zilizonyooka, pale shingoni patajikunja.

Kijana wa Igoma
Fundi ana uzoefu, amenihakikishia. Na hela nimeshatoa.

Cherehani ya Buzuruga
Elfu tano, kaka. Tai ile utaipata wapi nyingine? Vaa kizibao. Ncha ikiingia ndani ya kizibao hakuna anayejua imeishia wapi, na fundo linabaki. Kitambaa cha suti kikiwepo nakushonea kabla ya Ijumaa.

Mla Dagaa
Wakuu, hii ni chai. Tai imekaa sandukuni tangu 2009, nondo wasile, fundo lisilegee, halafu imetoka wiki ya harusi? Kuna mtu anatunga hadithi ya kutuliza. Tupia picha.

Mzee wa Mwaloni
Hata mimi nilianza kuhisi. Majukwaa yamejaa marehemu siku hizi.

Kijana wa Igoma
Sitaweka picha ya kitu cha baba ili watu wapige kura. Lakini nawaambia nilicho nacho mkononi. Ni bluu nzito yenye mistari ya udongo. Mama aliizungushia kanga na naftalini, harufu haijatoka mpaka leo. Kwenye mkunjo wa fundo, kidole kikiingia kinatoka na vumbi jeupe. Chaki. Nimevuta mkia kama dada alivyosema. Ncha ya mbele haijasogea.

Sangara Mkavu
Mla Dagaa, ngoja. Kijana, wakati unavuta mkia, kitambaa kilikuwa kinateleza upande gani wa shingo yako? Wengi tunaotumia mkono wa kulia kinateleza kushoto. Anayetunga hatajua hilo.

Kijana wa Igoma
Kulia. Nimerudia mara tatu. Kulia.

Sangara Mkavu
Basi huenda aliyefunga anatumia mkono wa kushoto. Mzee alikuwa mashoto?

Kijana wa Igoma
Hapana. Baba aliandika ubaoni kwa kulia, nilikaa darasani kwake miaka miwili.

Mama ndiye mashoto.

Mama Kulwa
Yupo hai?

Kijana wa Igoma
Yupo Kisesa.

Sangara Mkavu
Mpigie, mkuu. Acha kutujibu sisi.

Mla Dagaa
Nimefuta neno langu la chai. Samahani, kaka.

Kijana wa Igoma
Nimetoka kuongea naye. Alikaa kimya kwanza. Kisha akasema baba hakuwahi kujua kufunga tai maisha yake yote, mama ndiye aliyemfungia Pasaka moja, na ndiyo sababu hakuifungua tena, aliona aibu kumsumbua kila Jumapili. Nikamweleza urefu. Akaniuliza nina futi ngapi sasa. Amesema niende nayo kesho jioni, tai na shati, nikavae mbele yake.

Cherehani ya Buzuruga
Na fundi wa mjini?

Kijana wa Igoma
Nimemtumia ujumbe kwamba siji. Elfu tano ameshanunulia uzi, amesema atanipunguzia suruali nyingine.