Ushauri: nimpeleke mama mkwe na watoto ufuo gani Mombasa ili wakute maji?

Mama_Shani, Changamwe

Habari zenu wanajamvi. Likizo hii ya Agosti wakwe zangu wanatoka Kitui, wanafika Ijumaa ijayo jioni na kuondoka Jumatatu. Mama mkwe amepita miaka 70, magoti yanamsumbua, na bahari hajawahi kuiona kwa macho yake. Anakuja na wajukuu wawili, wa miaka 6 na 9, hawajui kuogelea.

Mimi Mombasa nimeletwa na kazi. Kuna siku nafika ufuo wa Pirates, kule Bamburi, nakuta maji yako pale pale kwenye mchanga, na siku nyingine saa ileile yamekwenda mbali, watu wanatembea kule kwenye miamba. Sitaki mama asafiri njia yote hiyo aje aonyeshwe mwani na mawe. Niwapeleke saa ngapi, na wapi? Mume wangu naye ameng'ang'ania Tiwi, kuna kidimbwi chenye umbo la Afrika. Nisaidieni.

Nahodha_Mtopanga

Dadangu, ufuo utauchagua baadaye. Kwanza tazama mwezi. Ijumaa hiyo mwezi utakuwa 14, Jumamosi 15. Hiyo ni bamvua. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta pamoja, kwa hivyo maji hujaa sana na hupwa sana. Hapa Kilindini tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Ukifika mwezi 7 au 8, na tena 22 au 23, ni maji mafu: yanapanda kidogo, yanashuka kidogo, tofauti kama mita moja tu. Kalenda ya Kiislamu iliyo ukutani kwa jirani yako inakutosha kujua hili mwaka mzima.

Sasa shika hili, kwa sababu halibadiliki: siku za bamvua hapa kwetu maji hupwa kabisa kwenye saa 4 au 5 asubuhi, na hujaa kwenye saa 10 au 11 jioni. Siku za maji mafu ni kinyume chake, asubuhi ya saa 4 ndiyo maji yapo. Kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 40 hadi 50. Ndiyo maana Jumapili moja unayakuta na Jumapili ya pili, saa ileile, huyakuti.

Kwa watoto wasiojua kuogelea, wakati mzuri ni maji yakiwa nusu na yanapanda. Jumamosi hiyo ni kuanzia saa 7 na nusu mpaka saa 9. Maji yanaingia juu ya mchanga uliopigwa jua tangu asubuhi, yanakuwa vuguvugu, na mwamba kule nje unazuia mawimbi. Usingoje yajae kabisa. Bamvua ikijaa, kuna sehemu za Nyali na Bamburi maji yanagonga kuta za hoteli, mchanga wa kukalia haubaki, na mtoto wa miaka 6 hana pa kusimama.

binti_wa_Kuze

Nahodha amemaliza. Niongeze tu kwamba Agosti ni msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini. Mwani utakuwepo hata ukienda saa nzuri namna gani, unaletwa na bahari na kurundikana ufuoni. Mwambie mama mapema kwamba si uchafu. Na Jumapili Pirates hujaa watu mpaka huoni mtoto wako yuko wapi. Mama wa miaka 70 mpeleke Jumamosi.

Kaka_Ukunda

Mimi niko upande wa mumeo. Bamvua ndiyo siku ya kwenda Tiwi! Kile kidimbwi kiko ndani ya mwamba, hakifikiki maji yakijaa. Mtoke nyumbani saa 1 asubuhi, mpite barabara ya Dongo Kundu badala ya kungoja feri ya Likoni, saa 3 na nusu mko kwenye mwamba maji yanamalizia kupwa. Watoto wataona kaa, jongoo bahari, samaki wadogo waliobaki vidimbwini. Wakiona tundu limezungukwa na makombe matupu na magamba ya kaa, hapo pweza yumo, hayo ni mabaki ya chakula chake. Wasitie mkono.

Wavae viatu vya kufunga, si ndala. Wale viumbe weusi wa baharini wenye miiba mirefu wako kila pango, na yupo samaki anayefanana na jiwe kabisa, ukimkanyaga unakwenda hospitali.

Mama_Shani

Kaka Ukunda, na mama je? Magoti yake hayawezi mwamba.

Kaka_Ukunda

Mama akae ufuoni kwenye kivuli na mtu mmoja. Haina haja apande mwamba.

binti_wa_Kuze

Samahani kaka, mimi sikubali. Mgeni wa heshima ndiye huyo mama. Safari nzima ni yake, halafu mumwache chini ya mnazi akitazama mgongo wa watu?

Nahodha_Mtopanga

Binti wa Kuze kasema kweli. Na nina jambo la kumwambia Kaka Ukunda, kwa sababu hakulitaja. Wageni wengi wanadhani maji hurudi kutoka mbele, kwamba watayaona yakija. Hayaji hivyo. Yanapita milangoni, penye nafasi katikati ya mwamba, yanajaza kwanza bonde lililo kati yako na ufuo. Wewe uko juu mwambani pakavu, unapiga picha, na nyuma yako pameshafunga. Tumewahi kuwatoa watu hivyo kwa ngalawa upande wetu huku, mama mmoja amembeba mwanawe mabegani.

Tena hayapandi kwa mwendo mmoja. Kujaa huchukua kama saa 6. Saa ya kwanza huoni kitu, na hapo ndipo mtu anapojisahau. Saa ya tatu na ya nne peke yake huleta nusu ya maji yote, na kwa bamvua hiyo ni zaidi ya mita moja na nusu. Kwa hivyo anayekwenda mwambani aende maji yakiwa bado yanapwa, na yakisimama tu, ageuke. Pia msiogelee karibu na mlango maji yanapotoka, yanavuta.

Mwl_Gazi

Mbona hakuna aliyetaja Gazi? Kina mama wa huku wana njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko. Mama atatembea polepole juu ya mbao, mikono kwenye reli, bila kukanyaga tope. Maji yakipwa ataona mizizi yote nje na kaa wakikimbia, yakijaa maji yanapita chini ya miguu yake. Wapigieni kabla wawaandalie chakula. Ni kama kilomita 50 kutoka kisiwani.

Mama_Shani

Nimefurahi sana, Mungu awabariki. Basi Jumamosi Bamburi saa 7 na nusu, Jumapili Gazi, na mume wangu na kijana wa miaka 9 watatangulia Tiwi asubuhi, watukute huko. Swali la mwisho: boti la sakafu ya kioo, la kutazamia chini ya maji, mama ataliweza?

Nahodha_Mtopanga

Wikendi hiyo usimpandishe. Matumbawe huonekana vizuri maji yakiwa machache, yaani asubuhi, na saa hizo boti linangoja mbali, ungemtembeza mama majini juu ya mawe. Na kusi ikivuma boti linarusha. Mrudishe Januari au Februari, wakati wa kaskazi, siku za maji mafu. Boti litasogea karibu na mchanga, apande kwa ngazi.

Huyo kijana anayekwenda Tiwi Jumapili: maji yatapwa kwenye saa 5 na nusu. Ukitazama jedwali la maji kwenye simu, saa zake ni za kizungu. Utaona 11:30. Ikifika hiyo, wawe wameanza kurudi.