Ufa nyuma ya jikoni

*Kikundi: WAJIRANI WA AVENYI YETU, CIMPUNDA (BUKAVU)*

Jumatano

06:12 Mama Furaha: Wajirani, mmeamkaje? Mvua ya usiku imetuachia neno. Nyuma ya jikoni yangu udongo umepasuka, kuanzia kwenye avoka mpaka karibu na choo. Nimeingiza mkono, umezama mpaka kwenye kiwiko. Mwenye kujua haya mambo anisaidie, tafazali.

06:13 Mama Furaha: [picha] [picha]

06:14 Mama Neema: Yesu! Watoto wako wazima?

06:15 Mama Furaha: Wazima, aksanti. Bado wamelala.

06:16 Mama Neema: Waamshe mama. Waje kwangu wanywe chai.

06:21 Fundi Bisimwa: Pole sana mama. Leo nakuja na sima na mchanga tunaziba. Halafu tunainua ukuta wa mawe pale chini, mambo yataisha.

06:25 Ir (enjenieri) Patient: Jambo wote. Fundi, tusizibe na sima kwanza. Mama Furaha, simama kwenye choo upige picha ingine, ufa wote uonekane. Umenyooka ama umejikunja? Na udongo wa upande wa jikoni uko sawa na ule wa juu, ama umeshuka?

06:33 Mama Furaha: [picha] Umejikunja kama mwezi mchanga. Ncha zote mbili zinaelekea chini, upande wa mto. Na upande wa jikoni umeshuka, vidole vitatu hivi.

06:36 Koko M'Nzigire: Patient mtoto yangu, si ni ile nyufa ya tetemeko? Februari 2008, ile siku ya Mungu, udongo na nyumba vilipasuka sehemu nyingi hapa.

06:41 Ir Patient: Koko, ni vizuri umeuliza. Ufa wa zamani kingo zake zinakuwa zimelainika, majani yameota ndani, buibui wametega. Huu kingo bado ni kali. Tena angalieni picha ya pili: mizizi ya avoka imekazwa kutoka upande huu mpaka ule, na mingine imekatika, pale ilipokatikia bado ni peupe. Ni ufa wa siku hizi.

06:44 Ir Patient: Mama Furaha, nakuambia wazi kwa sababu nakuheshimu. Ufa wa kujikunja hivyo, na upande wa chini umeshuka, maana yake kipande cha kilima kimeanza kutoka, na jikoni pamoja na nyumba viko juu ya hicho kipande. Usiku huu mtu asilale pale. Si chumba cha nyuma peke yake, nyumba nzima.

06:45 Mama Neema: Wote kwangu. Nina godoro mbili.

06:52 Mama Furaha: Aksanti Mama Neema. Patient, ile nyumba nimeijenga kwa kuuza samaki sambaza, nikiwa mjane. Nikitoka nitarudi lini?

06:58 Ir Patient: Siwezi kukupa siku, mama. Nitakuwa nakudanganya. Lakini leo tunaweza kuanza kupima kama udongo unaendelea kutembea ama umesimama. Na tunaweza kuyaondoa maji. Maji ndiyo adui wa kwanza. Yakiingia ndani yanajaza nafasi za katikati ya chembe za udongo, yanazisukuma zisishikane tena, na juu yake yanaongeza uzito.

07:02 Ir Patient: Papa Amani, uko? Maji ya manjanja ya paa lako yanaangukia wapi?

07:20 Papa Amani: Jambo. Niko. Yanaangukia nyuma, kwenye parseli yangu mwenyewe. Nilinunua kwa karatasi zote, sijamwagia mtu maji.

07:26 Ir Patient: Papa, hakuna mwenye kukushitaki. Tufanye hesabu pamoja. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba yako ni mita 8 kwa 10, si ndiyo? Basi 80. Mvua kubwa ya milimita 50 inaangusha hapo lita 4.000. Ni bidoni 200 za lita 20, zote zinamwagika mita chache juu ya ule ufa. Na shimo la maji ya kuogea liko upande uleule.

07:29 Papa Amani: Bidoni 200?

07:30 Ir Patient: Kwa mvua moja papa. Na ule udongo ukishuka, utakaofuata ni wa kwako, kwa sababu ndio unaokushikilia kwa chini.

07:41 Papa Amani: Sikuwahi kuhesabu hivyo. Leo naenda kuuliza bei ya gutiere za kukinga maji ya paa na tiyo za kuyapitisha. Maji yangu yatashuka mpaka kwenye kaniveau, ule mfereji wa barabara. Mama Furaha, pole sana dada.

07:43 Mama Furaha: Aksanti kaka.

07:50 Fundi Bisimwa: Na ukuta wangu je? Kilima bila ukuta hakishikiki.

08:03 Ir Patient: Fundi, ukuta unashika pale udongo unaoteleza si mnene, na msingi umepita chini ya pale unapotelezea. Hapa hatujui kina chake. Na ukuta usio na matundu ya kutolea maji, bila kokoto nyuma yake, maji yanajikusanya nyuma mpaka unaanguka mzima mzima, na mawe yako yanakuwa hatari ingine kwa watu wa chini. Siku ya kujenga ikifika nitakutafuta wewe wa kwanza.

08:05 Esther: Na miti? Shuleni wanatuambia tupande miti.

08:11 Ir Patient: Miti na majani yenye mizizi mirefu inasaidia kwa udongo wa juu juu. Kama mtelezo uko chini kupita mizizi, miti inashuka pamoja na udongo, imesimama vilevile. Angalia Funu, hapa hapa Bukavu: ule mtelezo ni mkubwa, kama kilomita 1,5 za mraba, unatembea polepole, na watu wapata 80.000 wanaishi juu yake. Utafiti uliotoka 2022 ulilinganisha picha za zamani za ndege na za satelaiti, ukaona mji wenyewe umechangia kuuongezea mwendo: maji ya paa, ya barabara, tiyo zinazovuja. Ndiyo maana nasumbua watu kwa mambo ya gutiere.

08:30 Chefu wa avenyi: Nimesoma yote. Kuna jambo hamjalisema. Yule anayejenga parseli ya chini amekata kilima apate uwanja. Nimepita sasa, amekata ukuta wa udongo kupita kichwa changu.

08:32 Ir Patient: Chefu, hilo ni kubwa! Udongo wa chini ndio unaokinga mguu wa kilima. Asimame leo, hata jembe moja asiongeze. Na ule udongo aliotoa asiutupe kwenye mto, aurudishe palepale mguuni.

08:40 Chefu wa avenyi: Naenda kwake. Kisha ninaandika barua kwa burgumestri, mkubwa wa komini, waje watu wa kazi waangalie.

13:15 Ir Patient: Tumemaliza kwa sasa. Tumejaza ufa udongo wa mfinyanzi, tumeshindilia, tumefunika na shitingi ya plastiki. Upande wa juu wa ufa tumechimba mfereji wa kupeleka maji pembeni. Tumepiga vijiti viwili, kimoja kila upande wa ufa, na misumari kichwani. Kati ya misumari ni sentimita 62. Esther atapima asubuhi na jioni, ataandika hapa.

Alhamisi

06:05 Esther: 62.

17:40 Esther: 62. Lakini mlango wa chumba cha mama unakwaruza chini. Jumapili ulikuwa unafunga vizuri.

17:44 Ir Patient: Aksanti Esther. Usiingie tena ndani. Pima vijiti tu, ukiwa upande wa juu.

Ijumaa

05:50 Esther: Mvua imenyesha tangu saa nane usiku. 64.

05:51 Mama Neema: Ee Mungu.

05:58 Ir Patient: Sentimita mbili kwa usiku mmoja. Kipande cha kilima bado kinatembea. Chefu, nyumba mbili za chini ya Mama Furaha nazo zitoke leo. Na wote mnaokaa karibu na mto: mvua ikiwa kali, halafu maji ya mto yapungue kwa ghafla ama yageuke matope mazito, ujue udongo umeziba mto kule juu. Msikimbie kufuata bonde, pandeni ubavuni.

06:04 Mama Neema: Mkumbuke mafuriko ya Kalehe: Nyamukubi, Mei 2023, ilikuwa Alhamisi, siku ya soko. Bushushu na Nyamukubi walikufa zaidi ya 400. Dada ya mume wangu alikuwa pale. Tafazali watu, tokeni.

06:20 Chefu wa avenyi: Nimegonga nyumba zote mbili. Familia moja imekwenda kwa Koko, ya pili inapokelewa kanisani. Mjengaji wa chini amesimamisha kazi.

06:31 Mama Furaha: Nilitaka niende nitoe manjanja na mlango kabla haujaharibika.

06:34 Ir Patient: Si leo mama. Mvua ikikatika siku mbili tatu na vijiti visisogee, nitaingia mimi na Fundi, na mtu mmoja juu akiangalia ufa.

06:36 Fundi Bisimwa: Niko tayari. Kutoa manjanja sitaki hata franka moja.

06:50 Papa Amani: Gutiere zimefika. Kesho ni salongo, kazi ya wote pamoja, naomba vijana wanne wa kuchimba pa kupitishia tiyo mpaka barabarani. Mwenye chepeo na mti wa kupimia alete. Saa moja asubuhi, kwangu.