Mjadala: Presha imeongezeka Dar, au tumeongeza kupima?

Mleta mada, Ilala
Wadau, kila hesabu za MTUHA (mfumo wa taarifa za vituo vya afya) zikipanda tunaambiwa presha imezidi jijini. Napinga. Sensa ya 2012 ilikuta mkoa una watu 4,364,541. Ya 2022 ikakuta 5,383,728. Hilo ni ongezeko la asilimia 23, kwa hiyo wagonjwa wakiongezeka kwa kiasi hichohicho, kiwango hakijasogea. Tena mgonjwa wa presha hurudi kliniki kila mwezi. Karani akimwandika "mpya" badala ya "marudio", mtu mmoja anageuka kumi na wawili kwa mwaka. Malaria nayo ilituonyesha upande wa pili: zamani homa nyingi ziliandikwa malaria kwa dalili tu, na mRDT (vipimo vya haraka vya malaria) zilipoenea, sehemu ya anguko la idadi ilitokana na kipimo, siyo na mbu kupungua.

Mdau, Temeke
Mkuu, kugawanya kwa idadi ya watu ni sawa, lakini umri umeuacha. Chukua watu 100: 80 ni vijana, 20 wamevuka miaka 45. Presha iwe kwa 10 katika kila vijana 100, na 40 katika kila wakubwa 100. Utapata wagonjwa 16. Mji ukizeeka, vijana wakawa 70 na wakubwa 30, unapata 19, na hakuna kundi lililozidi kuugua. Kusanifisha umri, yaani kukokotoa kana kwamba mgawanyo wa umri haujabadilika, kunaondoa tofauti hiyo.
Hapo ndipo ninapogomba na watakwimu: wakishasanifisha wanasema "hakuna badiliko", na bajeti ya dawa inabaki palepale. Vidonge vinamezwa na wale 19! Mfamasia anahitaji idadi ghafi, mtafiti anayechunguza hatari ya kuugua anahitaji iliyosanifishwa. Zichapishwe zote mbili, kila moja na jina lake.

Mdau, Ubungo
Nakuunga mkono. Ila mwenendo wa kuaminika unatoka kwenye utafiti wa kaya, maana unawafikia na wasiokwenda kituoni. STEPS ya 2012, utafiti wa kaya kuhusu magonjwa yasiyoambukiza kwa utaratibu wa WHO, ilikuta presha kwa takriban 26 katika kila watu wazima 100 nchini, wa miaka 25 hadi 64. Ukitaka kulinganisha nayo, fuata utaratibu uleule: mtu akae atulie, apimwe mara tatu, uchukue wastani wa kipimo cha pili na cha tatu. Ukitumia cha kwanza tu, wasiwasi wa kupimwa unaingia kwenye takwimu. Mkanda mdogo wa kipimo kwenye mkono mnene nao hupandisha namba.

Mdau, Kinondoni
Na vifo je? Cheti kikisema "moyo ulisimama" hakijataja chanzo. Kila anayekufa moyo husimama. Wengi wanaofia nyumbani hata cheti huwa hawana. Mradi wa AMMP, wa kuchunguza magonjwa na vifo vya watu wazima, ulioanza 1992 Dar, Hai na Morogoro Vijijini, uliwahoji ndugu wa marehemu kuhusu dalili za mwisho. Kazi hiyo inahitaji wahojaji wa kudumu mitaani.

Mleta mada, Ilala
Nakubali hoja ya idadi mbili. Naongeza sharti: namba ghafi za kila kipimo zitunzwe, isibaki "ana presha" au "hana" tu. Marekani mwaka 2017 miongozo ya huko ilishusha kizingiti cha kusema mtu ana presha kutoka 140/90 hadi 130/80. Siku tukibadilisha chetu, bila namba hizo hatutaweza kuihesabu upya miaka ya nyuma.