Nimealikwa India kufundisha rangi za mkandaa. Magome nitapita nayo vipi uwanja wa ndege?

MtiaRangi_Mtongwe: Assalaam aleikum wanajukwaa. Natia vitambaa rangi za mimea: magome ya mkandaa (aina ya mkoko), maganda ya komamanga, manjano. Cha dukani natumia shabu tu, ya kushikisha rangi. Nimealikwa Kachi, jimbo la Gujarat, wiki 3, nikawafundishe wachapaji wa ajrakh, vile vitambaa vya kuchapwa kwa mihuri ya mbao. Safari ni mwezi ujao. Nina kilo 4 za magome makavu. Nitapita nayo? Na viza niombe ya aina gani? Usingizi umenipaa.

Nahodha_Kilindini: Nenda KEPHIS, wakaguzi wa mimea wa serikali, ukapimiwe, upewe cheti cha afya ya mimea. Pia uwe na karatasi ya ulikoyatoa, maana mikoko ya pwani ni msitu wa serikali tangu 1932. Usiyafiche chini ya nguo. Na kama unalipwa, viza ya utalii usiiguse.

BiKirembo: Mie Mumbai walinichukulia achari yangu ya maembe, mikebe miwili, nimempelekea mwanangu anayesoma. Nililia kama mtoto. Tena yule afisa aliifungua akainusa! Mwanangu mpaka leo ananidai achari.

FundiWaKikoi: Dada, Kachi wana nili. Weusi wao wanautoa kwenye vyuma chakavu vilivyovundikwa na sukari guru, na kitambaa wanakitangulizia harde, tunda kali la kwao. Wewe unawapelekea nini?

MtiaRangi_Mtongwe: Kahawia ya mkandaa. Na kuna weusi wa tope.

FundiWaKikoi: Tope gani?

MtiaRangi_Mtongwe: La mkokoni. Hilo ni la nyumbani kwetu. Mie nimeuliza magome na viza.

Nahodha_Kilindini: La nyumbani kwenu kwa nani?

MtiaRangi_Mtongwe: Haya. Ni la nyanya yangu. Kitambaa kinalala kwenye maji ya mkandaa siku 3, kisha kinazikwa topeni, mahali anapopajua yeye. Alinifunza mimi peke yangu akaniambia lisitoke nje ya nyumba. Safari hajui. Nusu ya pesa nimeshapokea, na maelezo nimeshawaandikia. Lakini ana miaka 81, na wajukuu wengine hata kunusa hilo tope hawataki. Akiondoka nalo, nani atamkumbuka? Nalipeleka ili liishi.

Ustadh_Majengo: Amana ni amana, binti yangu. Ungemuuliza kabla ya kushika pesa.

BiKirembo: Mamangu naye alikuwa na haluwa yake. Alikufa nayo, na kila Idi naionja ya watu nakumbuka kuwa sikumuuliza. Mwende nyanyako, mwanangu, leo hii.

KijanaWaBondeni: Kilo 4 za magome! Mbwa wa uwanjani watadhani umebeba bandari.

Mpekuzi: Jamani, mnadanganywa. Pamba haishiki shabu hivi hivi, kila mtia rangi anajua. Na manjano yanachuja juani hata uyafanyeje. Mtu wa kualikwa India angeyataja? Hadithi ya kubuni hii, kesho tutaombwa nauli.

KijanaWaBondeni: Eh! Weka picha ya mikono.

MtiaRangi_Mtongwe: Nauli sijamuomba mtu. Pamba haishiki shabu peke yake, kweli, ndiyo maana mkandaa unatangulia: tanini, ule ukali wa magome, inashika uzi, kisha shabu inashika tanini. Kitambaa cha gramu 100 nakipa shabu gramu 15. Manjano nayafanyia mitandio ya ndani tu, na mteja namwambia mapema kuwa jua litayala. Tope linakuwa jeusi kwa sababu lina chuma, na chuma kikikutana na tanini hugeuka wino. Kucha zangu ni nyeusi tangu darasa la sita. Shuleni nilikuwa nazificha mfukoni.

FundiWaKikoi: Mpekuzi, huyu anaijua kazi. Nchi ya Mali nako wanapaka tope kwenye pamba iliyochovywa maji ya majani, weusi unatoka hivyo hivyo. Kwa hiyo, dada, tope lenyewe halina siri. Siri ni pale mahali na zile siku 3.

Mpekuzi: Nimekusikia. Niwie radhi.

Nahodha_Kilindini: Ghuba ya Kachi ina mikoko, ingawa mingi ni mchu, si mkandaa. Beba magome yenye karatasi, tope litafute huko huko. Mahali pa nyanyako pabaki pake.

MtiaRangi_Mtongwe: Hilo sikuliwaza. Pesa siwezi kurudisha, nimeshalipa karo ya mdogo wangu. Lakini maelezo niliyotuma yametaja mpaka ule mti anaouwekea alama. Niko njiani naenda kwake.

BiKirembo: Tupe habari, tafadhali.

MtiaRangi_Mtongwe: Nimerudi. Nimemwambia yote, na pesa pia. Alinyamaza mpaka ikaadhiniwa magharibi. Aliposali akaja akaketi, akasema niwaandikie tena leo usiku, ule mti niufute. Kisha akaniuliza tope la huko linanuka vipi, na kama maji yao hujaa mara mbili kwa siku kama yetu.