Chupa ya kubatizia meli: wavu ule wa fedha ni pambo tu?

Mzee wa Chumbageni: Wakuu, salaam. Nipo Norfolk, Virginia, kwa mwanangu. Kwenye duka la vitu vya kale nimeona chupa iliyovikwa wavu wa fedha, shingoni ina utepe, imelazwa kwenye sanduku la mbao lenye mahameli ndani. Kwenye kibamba kumechorwa jina la meli na mwaka 1941. Ukiitikisa, vigae vinachakacha. Jamani, chupa iliyovunjika inauzwa bei ya ng'ombe! Wavu ule wa fedha una kazi gani?

Fundi Welda: Shikamoo mzee. Una kazi kubwa. Meli mpya ikishushwa majini hubatizwa, yaani hupewa jina na kuvunjiwa chupa. Mimi nachomelea meli hukuhuku Marekani. Shampeni, ule mvinyo wa povu, imejaa gesi, chupa ikipigwa kwenye omo, yaani mbele ya meli, vigae vinaweza kumrukia usoni yule mama anayebatiza. Wavu unavishika, mvinyo unapita. Mara nyingi kioo hukwaruzwa kabla ili kipasuke kwa pigo moja, maana kikigoma mabaharia wananuna: meli ina nuksi! Sherehe ikiisha, mama hukabidhiwa chupa na vigae vyake, ndiyo maana ya sanduku. Hiyo bila shaka warithi wameiuza. Kabla hujatoa hela tafuta muhuri wa fedha halisi, kwani nyingine zimepakwa tu.

Nahodha Mstaafu: Niongezee. Waingereza wa karne ya 17 walitumia kikombe cha madini ya thamani: afisa anakunywa funda, anamwaga mvinyo sitahani, kisha kikombe chenyewe anakitupa baharini. Meli zilipozidi, gharama ikawashinda, wakahamia chupa. Constitution, manowari ya Marekani, kule Boston, ilikwama mara mbili ikishushwa. Ilipokubali, tarehe 21 Oktoba 1797, Kapteni James Sever aliivunjia chupa ya mvinyo wa Madeira. Lakini ninayoipenda mimi ni manowari Arizona, iliyoshushwa Brooklyn, 1915. Jimbo la Arizona, ilikopata jina, lilikuwa limepiga marufuku pombe, basi zikavunjwa chupa mbili, moja ya shampeni, moja ya maji ya bwawa la Roosevelt la jimboni humo. Siasa hizo!

Mzee wa Chumbageni: Marahaba Fundi, na shukrani Nahodha. Kwetu jahazi likishuliwa ni ubani, dua na mbuzi, na mbuzi huyo hawekwi kabatini. Kesho narudi na miwani kutafuta muhuri. Akipunguza bei nachukua, ila mama watoto asijue.